Chumba cha Uchochoroni

Kama kulikuwa na mtu mjini Lindi aliyechoka kuambiwa "sogea kidogo", basi ni Tekla fundi cherehani. Sogea kidogo, dada Tekla, nitundike suruali hapa. Sogea kidogo, tunashusha mzigo. Sogea tena kidogo, mama, wateja wapite. Unasogea, unasogea, mwisho unajikuta barabarani na cherehani yako, jua linakuchoma utosi, na yule yule aliyekusogeza anakuuliza mbona umenuna. Jamani, mtu asinune?

Zamani haikuwa hivyo. Tekla aliposhuka kutoka Newala na mumewe, maduka ya Lindi yalikuwa matupu, rafu zimejaa vumbi na mwenye duka anapiga miayo. Fundi akiomba kuweka cherehani barazani, mwenye duka anafurahi, angalau apate wa kuzungumza naye. Kisha ikaja ruksa ya serikali, kila mtu aagize na kuuza atakacho. Mali ikaanza kumiminika: mabeseni, redio, sabuni za kila rangi, na mitumba, marobota kwa marobota. Maduka yalipojaa ndani yakatokeza nje, na baraza za mji mzima zikawa sehemu ya duka. Mumewe naye akasikia habari za ruksa, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Aliyapata, akabaki nayo huko huko.

Kazi haikupungua, hilo lazima lisemwe. Suruali za mitumba zilishonwa kwa ajili ya watu wenye viuno vya magogo, na vijana wa Lindi walitaka zipunguzwe. Tekla alijua kuzipunguza mpaka mtu aape kuwa amepimwa mwenyewe. Alichokosa ni mahali pa kukaa. Mteja akikukosa pale alipokuacha juzi, suruali yake anampelekea mwingine, na wewe unalala na njaa huku ufundi unao mikononi.

Baraza ya mwisho ilikuwa ya Ismaili, muuza redio. Ismaili hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maneno matamu, na hayo ndiyo yaliyomkera Tekla zaidi.

"Dada yangu, wewe kwangu ni ndugu," alimwambia asubuhi moja. "Lakini hizi spika mpya zinataka nafasi."

"Kwa hiyo ndugu aende wapi?"

"Sogea kidogo tu."

"Nisogee wapi, Ismaili? Nikisogea tena naingia baharini!"

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Tekla hakucheka. Aliinua cherehani akajitwisha kichwani, meza akaiacha pale pale, akaondoka machozi yakimlenga.

Alizunguka mji siku nzima. Kila baraza aliyoiendea ilikuwa na beseni, na kila kona ilikuwa na mwenyewe. Miguu ilipokataa, akasimama kwenye kivuli atue mzigo. Kivuli hicho kilikuwa cha uchochoro, kati ya duka la ushirika lililokwisha kufungwa na nyumba ya mawe ya Bi Umi. Uchochoro wenyewe sasa! Watu wa mtaa ule waliupita wameziba pua. Ulijaa vifuu, makopo na matambara, na kila aliyebanwa na haja ndogo pale sokoni alijua pa kukimbilia. Tekla alinyoosha mikono, vidole vikagusa kuta zote mbili. Akashangaa. Kuta mbili nzima zimesimama bure tangu enzi za mababu, hazina kazi ila kukingia watu wanaokojoa! Palikosa paa, sakafu na mlango tu. Na humo nani angemwambia asogee? Asogee aende wapi, ukuta huku na ukuta huku?

Kesho yake alirudi na jembe, ufagio na toroli la kuazima. Alikuwa amefika katikati, jasho linamtiririka, sauti ikatoka kwenye dirisha juu yake.

"Nani huyo anafanya usafi kwangu bila hata kuniamkia?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini humo, dhahabu?"

Tekla akasema moja kwa moja, maana kusema kwa kuzunguka hakujua. Yeye ni fundi, hana mahali, anataka kuweka chumba cha cherehani humu. Bi Umi alikuwa bibi kizee, mjane asiye na mtoto, akiishi peke yake katika nyumba ile. Alitoa kichwa dirishani, ushungi umemkaa upande, akautazama uchochoro kuanzia barabarani hadi mwisho kabisa, kulikokuwa na mlango wa uani kwake uliolika kutu. Tekla akaona hapa nimekataliwa.

"Jenga," alisema hatimaye. "Nimechoka kunusa mikojo ya watu nisiowajua. Ila kanga zangu utanipindia wewe."

"Nitakupindia, bibi. Na foronya nitakushonea."

"Nimekuomba foronya? Nimesema kanga."

Ndivyo urafiki wao ulivyoanza.

Tekla alikwenda hata ofisi ya ardhi kuomba kibali, asije akaonewa. Akaambiwa uchochoro si kiwanja, hauna namba, kwa hiyo ombi lake haliwezi kukubaliwa wala kukataliwa. Akauliza, sasa nifanyeje? Akajibiwa hilo ni lako, mama. Alisonya kutoka mlangoni mwa ofisi hadi nyumbani.

Akamwita Valerian, mtoto wa mjomba wake, seremala mpole asiyejua ugomvi, mgeni wa mji kama yeye. Mbao walipata za masanduku yaliyoleta bidhaa, yenye maandishi ya nchi wasizozijua, na boriti za mikoko zilizobaki mahali palipobomolewa. Hawajachimba hata shimo, mtu wa kwanza akafika.

Mtu huyo alikuwa Mzee Huseni, shemeji yake Bi Umi, mdogo wa marehemu mumewe. Alikaa ng'ambo ya barabara na ndiye aliyeutunza msikiti mdogo wa mtaa. Alisimama, mikono nyuma, akatazama.

"Kazi nzuri, mwanangu. Lakini masika yakija, maji ya uchochoro huu yatapita wapi?"

Swali la haki, Tekla akakubali. Yeye na Valerian wakapanga mawe, wakainua sakafu ya mbao juu yake, maji yapite chini kwa raha zao. Huseni akaja kuona. "Zuri, zuri," alisema kwa mdomo, lakini uso wake haukusema zuri hata kidogo. Akakohoa, akaenda zake.

Baada ya siku chache akarudi na wazee wenzake. Safari hii ni pasi ya mkaa, cheche zisije zikapanda kwenye boriti za Bi Umi. Haya, Tekla akaitengenezea pasi kijukwaa chake nje, juu ya jiwe. Wakarudi: panya. Valerian akaziba kila tundu kwa saruji. Wakarudi tena: paa litamzibia bibi hewa. Paa likashushwa chini ya dirisha, na kati ya ukuta na bati pakaachwa mwanya joto litoke. Wakarudi: wanaume watakaosubiri nguo watakaa wapi, na hapa ni karibu na msikiti? Hapo ndipo Tekla alipobuni mlango wake wa ajabu. Nusu ya juu iliinuliwa ikawa kivuli, nusu ya chini ililazwa ikawa benchi, na mwenye kusubiri akakaa ametazama barabara, kampa kisogo fundi. Nani angeweza kulalamika tena?

Huseni alikuja, akalitazama benchi, akalikalia, akainuka. Akachungulia ndani mpaka kule mwisho. Akakohoa. "Zuri, zuri."

Mori ukampanda Tekla. Jioni ile alimmalizia Valerian wa watu hasira zote.

"Hawa wanazunguka mbuyu! Maji, panya, hewa, kesho watasema sindano yangu inapiga kelele! Ni sisi, Valerian. Hawamtaki Mmakonde na rozari yake karibu na msikiti wao."

"Hawajasema hivyo, dada."

"Ndiyo maana nasema waseme! Waseme nijue moja, nifunge mizigo!"

Roho ilimuuma kweli. Alikuwa amekaa Lindi miaka mingi, amezika na watu, amecheza ngoma za harusi zao, amewashonea watoto wao nguo za Idi. Kumbe bado ni mtu wa kutafutiwa sababu. Siku iliyofuata, Huseni alipojitokeza tu, Tekla aliweka nyundo chini akamsimamia mbele.

"Shikamoo, Mzee Huseni. Leo niambie jambo moja tu, na nitalipokea. Unataka nini?"

Mzee alifungua mdomo. Ilionekana kabisa kuwa neno lipo, limefika kwenye meno. Mara dirisha la juu likafunguka.

"Huseni, umekula?" Bi Umi aliuliza.

Mdomo ukafungika. "Nimekula, shemeji. Alhamdulillahi."

"Basi mwache mtoto afanye kazi."

Huseni akaondoka, kichwa chini. Tekla alibaki na swali lake mkononi, amevimba kama andazi.

Chumba kikakamilika. Kilikuwa chembamba kweli, watoto walikiita chumba cha mjusi, lakini ndani kila kitu kilikuwa na mahali pake. Meza ya kukatia ilikunjwa ukutani, nguo zilizokuwa tayari zilining'inia juu kwenye ufito, na kwenye paa Valerian aliweka kipande cha nailoni nzito, mwanga ukaanguka juu ya sindano hasa. Watu walitoka hata mtaa wa Rasbura kuja kukitazama. Haukupita muda, kinyozi mmoja akajibana chini ya ngazi za jengo la zamani, na fundi viatu akaezeka pembe iliyobaki kati ya ukuta wa soko na mtaro. Ismaili mwenyewe alikuja kupunguziwa suruali. Tekla akamwambia, "Sogea kidogo, ndugu yangu, unanizibia mwanga," akafurahi wiki nzima.

Na Bi Umi? Bi Umi alitafuta kikapu na kamba. Asubuhi kikapu kilishuka kutoka dirishani na chai ya tangawizi na kipande cha muhogo, kikapanda na kanga iliyopindwa. Mchana kilishuka na maneno tu, kwa sababu bibi aliinama akasimulia habari za mtaa, nani kaoa, nani kaachwa, mpaka Tekla akakosea mshono. Kwa mara ya kwanza tangu ruksa ije, cherehani ya Tekla ililala pale ilipoamkia. Kama si ule uso wa Huseni kupita kila siku na kukohoa, angesema ameshafika.

Mwaka wa pili, asubuhi moja, kikapu hakikushuka.

Tekla aliita. Hakuitikiwa. Alizungukia mlango wa mbele, akapanda, akamkuta Bi Umi kitandani, amelala kwa ubavu wa kuume, mkono chini ya shavu. Alimgusa. Akapiga ukelele uliowatoa watu wote majumbani.

Mambo yakaenda haraka, maana maiti wa Kiislamu hacheleweshwi, na ilikubaliwa azikwe baada ya sala ya alasiri. Wanawake wakamwosha uani. Tekla si wa dini yao, akaketi pembeni ya mkeka amejifunika kanga, analia kwa sauti bila kujali. Wanaume wakalileta jeneza kutoka msikitini, lile la kubebea, lenye fito zilizopindwa juu na kufunikwa kitambaa. Kwa kuwa maiti alikuwa mwanamke, ilibidi jeneza lifike ndani kwa wanawake, wamlaze na kumfunika wao wenyewe. Mwanamke hatolewi nje mikononi akatazamwa na kila mpita njia.

Wakaingia nalo mlango wa mbele. Nyumba zile za zamani zilijengwa ili anayepita barabarani asione ndani, hivyo ukiingia mlangoni unakutana na ukuta, unakata kona kama kiwiko ndipo uufikie ukumbi. Mtu anapita. Jeneza lilifika kwenye kona likakwama. Wakajaribu kuliinua, wakajaribu kulilaza upande. Mwisho wakatoka nalo kinyumenyume, wakasimama barabarani.

Wakasimama. Tekla alitoka aone kimewachelewesha nini, akawakuta wote wametulia mbele ya chumba chake, jeneza mabegani, jua kali. Moyo wa huruma ukamshika. Akakimbia kulaza benchi.

"Kaeni, wazee wangu. Kaeni kidogo kivulini."

Hakuna aliyekaa. Vijana walitazama miguu yao. Ismaili, ambaye alikuwa ameshika mguu mmoja wa jeneza, aligeuza uso. Tekla akawatazama mmoja mmoja. Akalitazama jeneza. Akageuka akatazama chumba chake, kuta mbili, na nyuma ya ubao wa mwisho, ule mlango wa uani wenye kutu.

"Mungu wangu," alisema. "Njia ni hii."

Mzee Huseni alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye ndevu.

Tekla hakumngoja Valerian. Alitoa cherehani, akaitua juani katikati ya barabara, akatupa nguo za wateja juu yake, akachukua nyundo akaanza kuung'oa mlango wake wa ajabu. Aliung'oa kwa nguvu za wazimu, misumari ikilia. Hapo ndipo wanaume walipozinduka, wakatua jeneza, wakamvamia kumsaidia. Paa likashuka, ufito ukavunjika, meza ya kukatia ikapasuka katikati, sakafu ikanyanyuliwa ubao kwa ubao. Kilichojengwa kwa miezi kilikwisha kabla chungu cha maji hakijachemka. Mlango wa uani ukapigwa mabega ukafunguka, jeneza likaingia. Lilipotoka likiwa na Bi Umi, mabega ya wabebaji yalikuwa yanachubuka kwenye kuta huku na huku. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo Tekla alisimama pale kwenye mawe matupu mpaka sauti za tahalili zikapotea.

Matanga yalipoanuliwa, Tekla alikuwa barabarani, anashona juani, kanga imekunjwa kichwani. Huseni akavuka barabara. Nyuma yake vijana walibeba zile mbao zote, alikuwa amezihifadhi uani kwake. Akawaambia wazitue, akawaruhusu waende.

"Mlijua," alisema Tekla bila kumwamkia.

"Tulijua."

"Mtaa mzima?"

"Kila aliyezaliwa hapa anaijua njia ile, mwanangu."

"Na mimi nikainua sakafu! Nikahamisha pasi, nikaziba panya, nikashusha paa! Mmenichosha, mmenifanya niwachukie, nikadhani mnanitenga kwa dini yangu. Kumbe ni neno moja! Neno moja tu liliwashinda?"

"Nani alitamke? Mimi? Nisimame chini ya dirisha lake niseme tuache njia, Bi Umi atapita hapa? Huo ni uchuro, ni kumwombea mtu kifo naye anakusikia. Tena mimi ni shemeji yake. Watu wangesema naimezea mate nyumba."

"Ungeniita pembeni."

"Nikikuita pembeni, wewe ungepanda juu moja kwa moja ukamwuliza. Nakufahamu."

Hiyo ilikuwa kweli, na Tekla alijua. Alizungusha gurudumu la cherehani bila kitambaa chini ya sindano.

"Na yeye hakujua?"

"Kaka yangu alitolewa hapo hapo. Bi Umi mwenyewe ndiye aliyeufunga ule mlango wa uani, kwa mkono wake."

"Basi kwa nini hakuniambia?"

"Ungejenga?"

Tekla aliinua macho akalitazama dirisha, kule kikapu kilikokuwa kikishukia. Mzee Huseni alikohoa, akautazama uchochoro uliobaki wazi, vijana wa sokoni wameshaanza tena kuukojolea.

"Jenga," alisema kwa upole. "Sasa hakuna kizuizi. Mle ndani hamna tena wa kutolewa."

Tekla alitamani kumpiga na ubao kwa maneno yale. Alitamani kujitwisha cherehani na kuondoka katika mji huu wa watu wanaokohoa badala ya kusema. Lakini aende wapi? Jua lilikuwa kali, na suruali za watu zinasubiri. Aliinuka, akaokota nyundo, akamkataza mzee asiguse hata msumari mmoja. Alijenga peke yake siku ile nzima, huku analia kwa sauti, na mtaa mzima ulimsikia, na hakuna mtu aliyekuja kumwuliza lolote.